Boila limetoboka katikati ya Februari, nje nyuzi 19 chini ya sifuri: nichukue mfumo gani wa maji moto huku milimani?

#1 BintiRuvuma

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa haraka, wenye utani wasubiri ukurasa wa pili.

Mimi mtu wa Songea, nimeolewa Uswisi. Tunakaa kijiji kimoja bonde la Engadin, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jumanne alfajiri nimeshuka chumba cha chini kufua, nikakanyaga maji. Boila letu la umeme, lita 300, lililokuwemo humu kabla sijaolewa, limeoza kitako. Nje nyuzi 19 chini ya sifuri. Tangu siku hiyo tunachemsha maji kwa sufuria: watoto wawili, mume wangu, mimi, na mama mkwe anayekaa ghorofa ya chini na ambaye haogi maji ya vuguvugu, nasisitiza.

Mafundi watatu wametupa bei.

Wa kwanza anataka kurudisha boila la umeme lilelile, faranga 2,600 pamoja na kufunga. Wa pili analeta boila la pampu ya joto, lita 270, nalo linakaa chumba cha chini, faranga 5,400. Wa tatu anataka kupanda juu ya paa: sola ya maji ya mirija ya vioo na tangi kubwa, faranga 15,000, ruzuku ataifuatilia mwenyewe.

Kila mmoja anaapa la kwake ndilo linalokula umeme kidogo. Nyumba yenyewe tunaipasha moto kwa jiko kubwa la peleti, vile vipande vya unga wa mbao vilivyoshindiliwa, ukiviona utadhani chakula cha kuku. Nifanyeje?

#2 KakaPwani

Naweka kiti. Swali dogo tu: baridi hiyo, kwani mnaoga kila siku?

#3 BintiRuvuma

Ukurasa wa pili nimesema 😂

#4 MtaaWaKongo

Dada usijitese. Nunua shawa ya umeme, ile ya kufunga juu ya bomba, unageuza kitufe maji yanatoka ya moto papo hapo. Hapa Dar kila nyumba ya wageni inayo. Hakuna tangi, hakuna kuoza kitako.

#5 FundiBomba_Tirol

Mkuu wa #4 una nia njema ila hapo utamgandisha dada wa watu.

Nafunga mabomba Austria mwaka wa kumi na moja sasa, upande wa Tirol, milima ileile anayokaa yeye ila upande wa pili. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka wati-saa 1.16, uwe Tandika uwe kileleni. Shawa ya umeme ya wati 5,500 ukiifunga Dar, maji ya bomba yanaingia na nyuzi 27, unataka 38, unapandisha 11 tu: inakupa lita saba kwa dakika, unaoga na kuimba. Ukiifunga kwake, ambako maji yanaingia na nyuzi 5, inabidi ipandishe 33. Unapata lita mbili na nusu kwa dakika, kasoro kidogo. Hilo ni birika linalovuja.

Hata tangi lilelile halilingani. Lita 200 za nyuzi 60 ukizichanganya na maji ya bomba ya Dar mpaka zifike 40, unaoga karibu lita 500. Kwake ni kama 315, kwa sababu maji baridi yake ni baridi kweli na inabidi umimine ya moto mengi zaidi. Watu wengi hununua tangi kwa kuhesabu vichwa vya watu, halafu wa mwisho kuoga analia.

Dada, kabla sijasema chagua hiki, nenda kapime vitu vitatu. Maji yanayoingia yana nyuzi ngapi. Chumba cha chini kina nyuzi ngapi sasa hivi, siyo Julai. Na hilo jiko la peleti liko chumba kipi.

#6 BintiRuvuma

Nimepima kwa kipimajoto cha nyama cha jikoni, msinicheke.

Maji ya bomba baada ya kuyaacha yatiririke: 5.
Chumba cha chini anakoweka mama mkwe viazi na jibini: 8.
Chumba cha jiko la peleti, mlango wa pili hapohapo chini: 17.

Mume wangu anasema boila la zamani halikuwa ghali kwa sababu kampuni ya umeme ilikuwa inaliwasha yenyewe usiku, bei ya usiku.

#7 MtuWaKinangop

Naingilia hapo kwa chumba cha viazi, maana mimi hiyo shule nimelipia karo.

Niko karibu na Davos, Uswisi hukuhuku, nafanya kazi hotelini. Mwaka juzi fundi mmoja alituuzia hiyo pampu ya joto ya kuweka chini, akaipachika chumba cha kuhifadhi vyakula bila kuuliza chochote. Hiyo mashine ni friji, tofauti yake ni kwamba inakupa mgongo badala ya tumbo. Inanyonya joto la hewa ya chumba inalitia kwenye maji, halafu inakutemea hewa baridi. Chumba kilikuwa nyuzi 9. Kufikia Januari kilikuwa 3, na mashine imechoka, imewasha koili yake ya umeme, sasa nalipa umeme mtupu kwa bei ya pampu.

Lakini kilichonifichulia ni viazi. Bibi yangu alikaanga jioni moja, vikawa vyeusi upesi na vitamu kama viazi vitamu. Nikadhani ni aina ya mbegu. Kumbe kiazi ukikiweka kwenye baridi ya chini ya nyuzi nne hivi, wanga wake unageuka sukari. Mtu wa Kinangop, kule Kenya kwenye mashamba ya viazi, kufundishwa viazi na mashine ya maji moto, hiyo ni aibu ya mwaka.

#8 KakaPwani

Uzi wa nyuzi huu. Endeleeni, nimeagiza kahawa.

#9 FundiBomba_Tirol

@MtuWaKinangop umenisaidia nusu ya kazi. Sasa nashusha yote, mnivumilie.

Tuanze na bei ya usiku. Bei inashuka, uniti hazishuki. Lita 200 kwa siku kutoka nyuzi 5 hadi 60 ni karibu uniti 13. Ongeza mbili ambazo tangi kuukuu linavuja kwa kukaa tu, unafika 15. Umeme wa nyumbani Uswisi mwaka 2025 ulikuwa unacheza kwenye senti 29 za faranga kwa uniti. Fanyeni hesabu: faranga nne na ushee kila siku ya baridi, za kuoga na kuosha vyombo. Halafu kantoni nyingi, yaani mikoa ya Uswisi, zimeshaingiza kwenye sheria zao kanuni za pamoja za mwaka 2014, ambazo zinalibana boila la umeme mtupu la nyumba nzima. Kabla hujampa fundi wa kwanza hata shilingi, piga simu ofisi ya nishati ya kantoni. Atakufungia leo, kesho uambiwe halikubaliki.

Pampu ya joto. Hiyo haizalishi joto, inalihamisha, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kukuletea tatu za joto. Ila kadiri pengo linavyopanuka kati ya unakolitoa na unakolipeleka, faida inaliwa. Kulitoa kwenye chumba cha nyuzi 17 na kulipandisha hadi 55, tatu kwa moja unapata. Kulitoa nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ukipata mbili shukuru Mungu.

Za kuweka nje zipo na zinafanya kazi huku, ila angalia gesi iliyomo. Gesi lazima ichemke kwenye baridi kuliko hewa ya nje, la sivyo haivuti kitu. Propeni, ndugu yake gesi ya jikoni, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ina nafasi. Wajapani tangu 2001 wanauza za kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya kwenye soda, nazo zina tabia ya ajabu: zinapenda maji yanayoingia yawe baridi. Yale maji ya nyuzi 5 yanayotutesa sisi, kwake ni asali. Ningekuwa na uhakika wa fundi wa kuihudumia bondeni kwenu ningekwambia chukua, lakini kwenye bonde langu sijamwona anayeigusa, na mashine isiyo na fundi karibu huku Januari ni pambo.

Tena watu hudhani pampu ya nje inateswa zaidi na nyuzi 20 chini ya sifuri. Hapana. Baridi kali huwa kavu. Inayoua ni siku ya nyuzi sifuri hadi tatu, ukungu, theluji mbivu: mapezi yake, zile bati nyembamba zinazovuta joto, yanavaa barafu, mashine inasimama kujiyeyusha, maji yanachuruzika chini na kuganda tena. Nimeona moja imekaa juu ya kichuguu cha barafu kilichoinyanyua mpaka bomba likapinda. Iwe juu ya miguu mirefu kuliko theluji ya kwenu, na isikae chini ya mdomo wa paa, maana theluji ya paa ikiporomoka haina adabu.

Sola. Hapa ndipo fundi wa tatu ananitia wasiwasi. Mirija ya vioo yenye ombwe ni mizuri, haipotezi joto. Na hilo ndilo tatizo lake: haipotezi joto, basi theluji iliyoikalia haiyeyuki. Paneli bapa ya kawaida inavuja joto kidogo kwenye kioo, theluji inalainika, inateleza, mchana mmoja iko wazi. Halafu mwinamo. Tarehe 21 Desemba jua la saa sita kwa Engadin linafika nyuzi 20 tu juu ya upeo, limekaa kama la saa moja na nusu asubuhi Songea. Paneli inatakiwa isimame karibu kama ukuta, nyuzi 60 hadi 70. Hata kuipachika ukutani kabisa ni sawa, na mng'ao wa theluji iliyo chini unakuja kama nyongeza. Alikwambia anaweka mwinamo gani?

Na mlima wa kusini unawazibia jua? Kuna kijiji Italia kinaitwa Viganella, kilikuwa hakioni jua kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Februari, mwaka 2006 wakaweka kioo cha mita 8 kwa 5 ubavuni mwa mlima kuwapigia mwanga uwanjani. Ukikaa bonde la namna hiyo, sola ya maji ni ya kiangazi tu, usidanganywe.

#10 BintiRuvuma

Alisema ataifuatisha paa. Paa letu lina mwinamo wa kama 25. Jua tunaliona saa nne mpaka saa tisa hivi.

#11 FundiBomba_Tirol

Basi amekujibu mwenyewe.

#12 MtaaWaKongo

Nimenyoosha mikono, shawa yangu nairudisha dukani. Ila swali la mshamba: kwa nini msishushe tu joto la tangi liwe 45? Si unaoga na 40? Umeme unaokoa bure.

#13 NesiBasel

Mkuu hapana. Niko wodini huku, hili naomba lisikike. Kuna bakteria anaitwa lejionela, anakaa kwenye maji na kuzaana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45. Hiyo 45 uliyotaja iko ukingoni mwa hapo anapopenda. Humnywi, unamvuta puani na mvuke wa shawa, na wazee ndio huangukia kwenye nimonia. Kwenye 60 anakufa. Mwenye mama mkwe ndani na tangi la lita 270 asicheze na 45. Pampu nyingi zina programu ya kupandisha hadi 60 kila baada ya muda, iwashwe.

#14 KakaPwani

Sasa mama mkwe amepata na daktari wake humu.

#15 Mzee wa Makete

Vijana hamjambo. Mnazungumza Ulaya kana kwamba baridi iko huko tu. Mimi niko Makete, Kitulo naiona kwa macho. Niliweka sola ya maji juu ya bati, ile ambayo tangi linakaa juu na maji yanazunguka yenyewe. Julai asubuhi moja nimetoka nikakuta bomba la paneli limepasuka kwa urefu. Fundi akasema ni kiwanda. Ajabu ni kwamba kipimajoto cha barazani usiku ule kilikuwa nyuzi 3 juu ya sifuri. Maji yanagandaje kwenye nyuzi 3?

#16 FundiBomba_Tirol

Shikamoo mzee. Kiwanda hakina kosa, wala kipimajoto chako. Usiku usio na mawingu paneli inatazama mbingu tupu na kuirushia joto lake, inapoa kupita hewa iliyoizunguka. Ndiyo maana asubuhi unakuta umande mweupe juu ya bati na gari wakati barazani hakuna. Mfumo wako unapitisha maji ya kuoga moja kwa moja kwenye paneli. Kwa Makete ulitakiwa uchukue wa mizunguko miwili: ndani ya paneli inazunguka dawa kama kulanti ya gari, isiyoganda, nayo inapasha maji ya tangi kupitia koili bila kuchanganyika. Ila iwe glaikoli ya propilini, ile isiyo sumu, usimruhusu mtu akutilie kulanti yenyewe ya gari.

#17 Mzee wa Makete

Marahaba. Nimeelewa. Yule fundi naye nitamwelewesha.

#18 MtuWaKinangop

Na kuchimba je? Hapa Davos kuna majirani wamechimba shimo mita mia mbili, wanavuta joto la ardhini, wanasema halijui Januari wala Julai.

#19 FundiBomba_Tirol

Kweli halijui. Chini kabisa huko joto halichezi mwaka mzima, na linaongezeka nyuzi kama tatu kila mita mia. Uswisi wameyachimba mengi sana. Lakini kuchimba kwa ajili ya maji ya kuoga peke yake ni kuchinja ng'ombe kwa bakuli moja la supu. Siku jiko lake la peleti litakapokufa na akataka kupasha nyumba nzima, hapo ndipo aulize habari ya shimo.

Dada, ushauri wangu huu. Wewe tayari una moto ndani ya nyumba. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili jiko la peleti linawaka kila siku. Kuliunganisha na koili ya ndani ya tangi la maji ni kazi ndogo, na joto lake halitegemei mlima wala theluji. Wakati wa kiangazi sasa, usiliwashe kwa ajili ya maji tu. Linawaka dakika chache, linazima, linapoa, linachafuka; peleti nyingi zinaishia kupasha chuma. Hapo ndipo pampu ya joto inapolipa. Kwa hiyo muulize fundi wa pili kama ana boila la pampu lenye koili ya ziada ndani. Yapo. Baridi unatumia peleti, kiangazi unatumia pampu. Na likae chumba cha jiko, cha nyuzi 17, viazi viachwe vipumzike.

#20 BintiRuvuma

Fundi wa pili nimempigia. Kimya kidogo, halafu akasema "ndiyo lipo, kwa nini hukuuliza?" Nimejizuia. Linaongeza faranga 700, na kuunganisha na jiko la peleti siku nzima ya kazi.

Mume kakubali. Mama mkwe yeye kauliza jambo moja tu, kama litapiga kelele.

#21 FundiBomba_Tirol

Litanguruma kama friji kubwa. Lisikae ukutani kwa chumba chake cha kulala, na chini ya miguu liwekewe mpira.

Mwambie fundi mambo haya ukiwa umesimama hapo, usimwachie karatasi. Mabomba ya moto yote yavalishwe sponji, mpaka zile sentimita za mwisho zinazoingia kwenye tangi, ambazo wao huziacha wazi kila mara. Bomba la kutokea lishuke kidogo kabla ya kupanda, la sivyo maji moto yanajizungusha yenyewe usiku na kupasha ukuta. Kama kuna pampu ndogo ya kuzungusha maji mpaka bafu la juu, iwe na saa. Ikizunguka usiku kucha itakula kila ulichookoa. Maji ya jasho la mashine yapate njia ya kwenda kwenye mfereji. Na ile fimbo ya magnesi iliyomo ndani ya tangi, inayooza kwa niaba ya tangi, ikaguliwe kila miaka miwili mitatu. Lile lililotoboka nina hakika hakuna aliyewahi kuifungua.

Badilisha na kichwa cha shawa. Cha lita 10 kwa dakika, dakika nane, maji ya nyuzi 40, kinamaliza zaidi ya uniti tatu za joto. Cha lita 6 hakifiki mbili. Faranga thelathini, na hakuna mashine kwenye uzi huu inayolipa haraka kuliko hiyo.

#22 MtaaWaKongo

Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu shawa, ila upande mwingine.

#23 BintiRuvuma (Novemba)

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Lilifungwa wiki ya pili ya Machi. Nilisimama pale kama askari. Fundi aliziacha zile sentimita za mwisho wazi, nikamwonyesha kwa kidole, akarudi garini kuchukua sponji. Tulimaliza peleti mwisho wa Aprili tukahamia pampu. Nimeweka mita ndogo kwenye waya wake. Julai ilikuwa wastani wa uniti 3.8 kwa siku, sisi watano. Mwezi huu tumerudi peleti na pampu inalala. Gunia linaisha upesi kidogo kuliko zamani, bado napima ni kiasi gani hasa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: chumba cha jiko kimekuwa kikavu wakati wa kiangazi, nguo zilikuwa zinakauka usiku mmoja. Kamba mbili za kuanikia zimehamia huko.

Mama mkwe kelele hazisikii. Anacholalamikia ni kichwa cha shawa, anasema maji yanamnyunyizia kama ua linalomwagiliwa. Juzi nimekuta amekifungua na kurudisha cha zamani, cha kwangu kakiweka kwenye droo pamoja na spana.

#24 KakaPwani

Mwache mama aoge. Lita nne hizo tutachanga.